Faiba, 5G au Starlink, na VPN ipi: ulinganisho kwa anayefanya kazi ya mbali kutoka Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Matangazo ya intaneti huuza Mbps (megabiti kwa sekunde). Kazi inayopita kwenye VPN (njia iliyofungwa kwa siri hadi mtandao wa kampuni) hutaka kitu kingine: pakiti, yaani kipande cha data, ifike upesi, na iendelee kufika kwa muda uleule hata nyumba nzima ikiwa mtandaoni. Mkutano wa Zoom wenye picha ya 720p hutumia takriban Mbps 1.2 kila upande, na sauti peke yake haifiki hata Mbps 0.1. Kwa hiyo mhudumu wa wateja anayeishi Mamboleo, Kisumu, atafanya kazi vizuri zaidi kwa Mbps 10 zilizotulia kuliko kwa Mbps 100 ambazo, mtu mmoja tu akianza kupakia video, ucheleweshaji wake unaruka kutoka milisekunde 30 hadi 900. Ndiyo maana hapa chini laini na VPN zinapimwa kwa swali moja: zikibanwa, zinachelewa kiasi gani?

Kuna mambo manne ya kuamua: foleni ya pakiti kwenye ruta ya nyumbani, laini yenyewe, itifaki ya VPN (kanuni inazotumia kuwasiliana), na kipi kipite ndani ya handaki la VPN na kipi kipite nje. Wengi huanza na programu ya VPN kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye skrini. Mara nyingi tatizo liko kwenye ruta iliyo ukutani.

Ucheleweshaji usiopunguzika

Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake, kila kilomita 100 za waya hula milisekunde 1 kwa safari ya kwenda na kurudi. Kutoka Kisumu hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 350, kwa hiyo umbali huo ni milisekunde 4 hivi. Kutoka Nakuru hazifiki 2. Aliye Kisumu hajaachwa nyuma na aliye Westlands kwa kiasi cha kuhesabika. Gharama kubwa iko baharini, kuanzia Mombasa ambako nyaya kama SEACOM, TEAMS, EASSy na PEACE zinatua.

Kwa makadirio, ukiwa Kisumu kwenye faiba nzuri isiyo na msongamano: seva ya Nairobi hujibu ndani ya milisekunde 8 hadi 15, Afrika Kusini 60 hadi 90, Ulaya magharibi 140 hadi 180, pwani ya mashariki ya Marekani 220 hadi 260, na California karibu 300. Hakuna kifurushi kitakachozishusha namba hizo. Kikiwepo cha kuokoa, ni zile milisekunde mia kadhaa zinazoongezwa juu yake na foleni, Wi-Fi mbovu na VPN iliyopangwa vibaya. Mara mojamoja njia yenyewe hubadilika. Februari 2024 nyaya kadhaa ziliharibika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika kusini mwa Afrika, intaneti ya Afrika Mashariki yote ikazorota. Siku kama hizo kununua kifurushi kikubwa zaidi ni kupoteza pesa.

Saa za kazi nazo zina uzito wake. Mteja wa London akianza saa tatu asubuhi kwao, huku ni saa tano au saa sita mchana, wakati mitaa ya makazi bado haijajaa mtandaoni. Wa New York akianza saa tatu asubuhi, huku ni saa kumi au kumi na moja jioni, na zamu yake inaendelea hadi usiku wa manane, ikipita katikati ya saa ambazo kila nyumba inatazama video. Anayehudumia Marekani na apime laini saa tatu usiku, si saa nne asubuhi fundi anapomaliza kuifunga na kuonyesha namba nzuri kwenye simu yake.

Pima kwanza, ndipo ulinganishe

Fungua madirisha matatu ya amri na uendeshe `ping` tatu kwa pamoja (amri inayopima muda wa kwenda na kurudi, kwa milisekunde). Ya kwanza ielekee ruta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1). Ya pili ielekee 1.1.1.1, kwa sababu Cloudflare wana seva Nairobi na Mombasa, kwa hiyo jibu lake kwa kawaida huonyesha safari ya ndani ya nchi. Ya tatu ielekee lango la VPN la kampuni (seva ambayo VPN inaungana nayo), VPN ikiwa imezimwa. Kama lango halijibu, washa VPN uelekeze kwenye seva yoyote ya ndani inayojibu. Kwenye Windows ongeza `-t` ili isikome. Ziache dakika 5 laini ikiwa tupu, kisha anza kupakia faili la GB 1 kwenye Drive huku ukizitazama.

Ping ya ruta ikiruka kutoka 2 hadi 80, ugonjwa ni Wi-Fi. Ruta ikitulia lakini 1.1.1.1 ikapanda tu unapopakia, hiyo ni foleni ya laini yako mwenyewe, na dawa yake iko mikononi mwako. 1.1.1.1 ikipanda jioni bila wewe kupakia chochote, msongamano uko kwa mtoa huduma. Zote mbili zikitulia na lango peke yake likayumba, tatizo liko baharini au kwenye seva ya VPN ya kampuni. Wapelekee wahusika wa teknolojia namba hizo, na uache kubadilisha vifurushi.

Tazama pia pakiti zinazopotea, kwa sababu upotevu na umbali vikikutana huumiza kuliko kila kimoja peke yake. Kwa TCP (itifaki inayotuma tena pakiti zilizopotea) ya mtindo wa Reno, upotevu wa asilimia 1 na safari ya milisekunde 200 huzuia muunganisho mmoja usivuke takriban Mbps 0.7, hata laini ikiwa ya Mbps 100. Upotevu uleule kwenye safari ya milisekunde 15 huruhusu karibu Mbps 9. Hapo ndipo penye jibu la lile lalamiko la kila siku kwamba YouTube inaenda vizuri lakini seva ya kampuni iliyo Marekani inatambaa: YouTube inajibiwa kutoka karibu.

Laini tatu kando kwa kando

| | Faiba | 4G au 5G ya nyumbani | Starlink |
|---|---|---|---|
| Hadi Nairobi, laini ikiwa tupu (ms ni milisekunde) | ms 8–15 | 5G ms 20–40; 4G ms 30–70 | ms 25–50 |
| Kuyumba | Kidogo sana | Kwingi jioni | Miruko mifupi mchana na usiku |
| Kupakia | Mara nyingi sawa na kupakua | Kudogo kuliko kupakua | Takriban Mbps 10–20 |
| Kinachoikata | Jembe, lori, nguzo kuanguka | Mnara kujaa au kuishiwa stima | Miti, mvua kubwa |
| Stima inayokula | W 10–20 pamoja na ruta | W 10–20 | W 75–100. Starlink Mini W 25–40 |

Ikiwa faiba imefika kwenye ploti yako, ichukue iwe laini kuu. Kwa kazi ya VPN haina mshindani, na sababu si kasi bali utulivu wake. Hata hivyo ujue unachonunua. Faiba ya nyumbani kwa kawaida ni GPON: waya mmoja wenye Gbps 2.488 za kupakua na Gbps 1.244 za kupakia unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Hata zote 64 zikipakua kwa pamoja, kila moja ingebaki na karibu Mbps 39. Kwa hiyo faiba ikizorota jioni, shuku zaidi kiungo cha mtoa huduma kutoka mjini kwenu kwenda Nairobi kuliko waya wa mtaani. Waulize majirani walio kwa mtoa huduma mwingine hali yao ikoje saa tatu usiku. Jibu lao lina faida kuliko jedwali lolote la bei. Uliza pia kasi ya kupakia, na kama kuna kikomo cha matumizi ambacho ukikivuka kasi inashushwa, kwa sababu VPN ikipitisha kila kitu, pamoja na masasisho ya Windows, hukifikia upesi.

5G ni ya pili, lakini pale tu ambapo mnara uko karibu. Magharibi haikusahaulika: Safaricom walipoanza majaribio ya 5G Machi 2021, Kisumu, Kisii na Kakamega zilikuwa pamoja na Nairobi. Tatizo la mitandao ya simu ni kwamba hewa ya mnara inagawanywa na kila mtu aliye upande huo wa mnara, na idadi yao hubadilika kila saa. Milima ya Kisii huficha minara. Nyumba mbili zilizotenganishwa na bonde moja zinaweza kupata huduma tofauti kabisa. Kabla ya kusaini mkataba, azima ruta au tumia simu yenye laini ileile, ingia kwenye ukurasa wa ruta usome RSRP (nguvu ya mawimbi, kwa dBm) na SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele, kwa dB). RSRP ya −80 hadi −90 ni nzuri. Ikiteremka chini ya −110, ucheleweshaji utayumba hata saa nane usiku. SINR iwe 13 au zaidi. Ruta iwekwe dirishani upande wa mnara, na mabati yasiwe kati yake na mnara. Kuisogeza mita 2 hubadilisha namba hizo kuliko kubadilisha kifurushi.

Starlink ilifika Kenya Julai 2023. Mwanzoni pakiti za Kenya zilikuwa zikitokea kwenye intaneti mbali, na ping ya Nairobi ilipita milisekunde 100. Kituo chao cha Nairobi kilipoanza kazi Januari 2025, namba zikashuka. Kwa aliye shambani Njoro, Bungoma vijijini au juu ya Riat ambako faiba haijapita, sasa ni chaguo la kweli. Inayo tabia yake lakini: mfumo hupanga upya setilaiti inayokuhudumia kila sekunde 15, na hapo ping inaweza kuruka kwa muda mfupi. Sauti ya simu inavumilia. Dirisha la kompyuta ya mbali huganda kidogo kisha likaendelea. Adui mkubwa ni miti. Mwembe mmoja unaokata pembe ya anga huleta mikato ya sekunde kadhaa mara nyingi kwa saa, na VPN ya aina ya TCP hukatika kabisa. Programu ya Starlink ina kipimo cha vizuizi. Kitumie kabla ya kutoboa ukuta. Mvua kubwa za alasiri za magharibi nazo huikata kwa dakika chache. Mitandao ya simu na Starlink kwa kawaida hazikupi anwani ya umma, zinakuweka nyuma ya NAT ya mtoa huduma, ambapo wateja wengi hutumia anwani moja (kwa kawaida anwani za 100.64.0.0/10). Ukiunganisha kwenda kazini haikuhusu. Ukitaka wengine waingie kwako, utahitaji seva ya kati.

Watoa huduma wadogo wa mtaani wanaotumia redio za GHz 5 juu ya paa hutofautiana mno mmoja hadi mwingine. Wapime saa za jioni kama ilivyoelezwa, na usilipe miezi mitatu mbele. Setilaiti za zamani zilizo kilomita 36,000 juu, zenye milisekunde 600, usiziguse kwa kazi hii.

Foleni ya nyumbani: hapa ndipo penye nafuu kubwa

Ruta nyingi zinazotolewa na watoa huduma huhifadhi pakiti nyingi kupita kiasi badala ya kuzitupa mapema. Chukua ruta inayoweza kushikilia MB 1 ya pakiti zinazosubiri, kwenye laini inayopakia Mbps 5. MB 1 ni Mb 8. Gawanya kwa 5, unapata sekunde 1.6. Simu moja ikianza kuhifadhi picha za harusi mtandaoni, kila pakiti ya sauti yako itasubiri sekunde 1.6 nyuma ya picha hizo. Mwenzako wa Leeds, Uingereza, anasikia ukimya, anaanza kusema, mnagongana. Mwongozo wa ITU (shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano), G.114, unataka sauti isizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ulaya imeshakula 80 hivi za upande mmoja, kwa hiyo nafasi ya foleni ni ndogo sana.

Dawa inajulikana tangu Kathleen Nichols na Van Jacobson walipotoa CoDel, mbinu ya kusimamia foleni, mwaka 2012. Wazao wake, fq_codel na CAKE, wamo kwenye OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) na kwenye ruta za MikroTik zenye RouterOS 7. Kazi yao ni kugawa foleni kwa kila muunganisho na kutupa pakiti mapema kabla foleni haijarefuka.

Kuiweka kwenye OpenWrt: sakinisha `luci-app-sqm`, chagua kiolesura kinachoelekea intaneti, andika kasi ya kupakua na kupakia kwa asilimia 85 hadi 90 ya ulizopima saa za jioni, kisha chagua CAKE. Ukipima kupakia Mbps 18, andika 15,500 au 16,000 kwa kbps. Hiyo asilimia unayoiacha ndiyo inayohamisha foleni kutoka kwenye kifaa cha mtoa huduma hadi kwenye ruta yako, ambako ina mtu wa kuisimamia. Ukiandika asilimia 100, foleni inabaki kule kule na CAKE haina la kufanya. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na mtu huishia kusema CAKE haifanyi kazi. Rudia jaribio la ping tatu: ping ya 1.1.1.1 isipande zaidi ya milisekunde 10 hadi 20 unapopakia.

Ruta ya mtoa huduma ikiwa haikubali, weka yako nyuma yake. NAT mara mbili haiizuii VPN inayotoka. Ruta ya zamani yenye kichakataji dhaifu huishiwa nguvu laini ikikaribia Mbps 100. Kwa laini hiyo nunua yenye kichakataji cha ARM.

Kwa faiba usimamizi huu wa foleni (SQM) hufanya kazi vizuri kwa sababu kasi yake haibadiliki. Kwa 4G, 5G na Starlink kasi hupanda na kushuka, na namba moja iliyoandikwa itakuwa kubwa mno saa tatu usiku au ndogo mno alfajiri. Kuna hati ya OpenWrt iitwayo cake-autorate inayopima ping muda wote na kurekebisha kasi; kwa laini hizo ndiyo ya kutumia. Asiye na ruta ya aina hii asikate tamaa: OneDrive, Google Drive na Dropbox zote zina mahali pa kuweka kikomo cha kupakia. Kiweke nusu ya kasi yako ya kupakia, zima uhifadhi wa picha wa simu saa za kazi, na umeshapata sehemu kubwa ya nafuu bila shilingi moja.

Wi-Fi nitaipita haraka. Kompyuta ya kazi iunganishwe kwa kebo ya Cat5e. Ikishindikana, tumia GHz 5. Kwenye fleti za Milimani au Section 58 ambako unaona Wi-Fi ishirini, GHz 2.4 si ya mikutano.

Itifaki za VPN

Mwajiri akiwa amekuchagulia, huna la kuchagua ila mpangilio. Ukiwa na uhuru, au ofisi ndogo ya Nakuru inapanga VPN yake, hivi ndivyo zinavyotofautiana.

WireGuard ndiyo ya kuanza nayo. Imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, hutumia UDP pekee, itifaki isiyosubiri pakiti zilizopotea (mlango wa kawaida ni 51820), na salamu yake ya kufungua handaki ni safari moja ya kwenda na kurudi. Kwa seva iliyo milisekunde 240 mbali, inarudi hewani kabla hujajua ilikatika. Ukihama kutoka Wi-Fi hadi laini ya simu, handaki linakufuata. Nyuma ya NAT ya Starlink au ya simu, weka `PersistentKeepalive = 25`, vinginevyo NAT husahau muunganisho uliokaa kimya na seva haiwezi tena kukufikia.

IKEv2 ya IPsec inakaribia kuilingana. Imejengwa tayari ndani ya Windows, macOS na iPhone, na nyongeza yake ya MOBIKE huiwezesha kuhama mtandao bila kukatika. Hutumia UDP 500 na 4500. Mtandao wa mgahawa ukizifunga, haiunganishi kabisa. Kuipanga upande wa seva kuna vipengele vingi, na kosa dogo la kutolingana kwa usimbaji hukupa ujumbe usiosema chochote.

OpenVPN ina umri na uzoefu, na inafanya kazi karibu kila mahali. Ichague kwa UDP 1194. OpenVPN juu ya TCP 443 iachie mahali ambapo kingine chochote kimefungwa, na sababu inafaa kueleweka. Ndani ya handaki kuna TCP ya faili lako; nje kuna TCP ya handaki. Pakiti moja ikipotea hewani, TCP ya nje inasimamisha kila kitu hadi irudishwe. Ya ndani, isiyojua hayo, inaona kimya na kuanza kutuma upya nakala zake. Nakala hizo zinaingia foleni ileile iliyokwama. Kwenye 4G ya jioni yenye upotevu wa asilimia 2, handaki huganda sekunde kadhaa, likaachia kwa mkupuo, likaganda tena. Mtu huona ping yenye 40, 38, 3200, 2900, 41. Ukiona mfuatano wa namna hiyo, angalia kwanza kama VPN yako iko kwenye TCP.

VPN za kampuni kubwa zinazopita 443, kama Cisco AnyConnect (sasa inaitwa Cisco Secure Client), huanza na TLS juu ya TCP kisha zikafungua njia ya pili ya UDP iitwayo DTLS. UDP ikizuiwa zinarudi kwenye TCP bila kukuambia. Fungua ukurasa wa takwimu wa programu, tazama palipoandikwa itifaki: DTLS ni sawa, TLS peke yake maana yake uko kwenye hali iliyoelezwa hapo juu.

Pakiti kubwa zinazokwama njiani

Kuna ugonjwa mmoja unaofanana na msongamano na si msongamano. VPN inaunganisha, ping inajibu, ujumbe mfupi unaenda, lakini ukurasa wa kuingia haumalizi kufunguka na faili linakwama asilimia 0. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita. Pakiti ya kawaida ni baiti 1500. WireGuard huongeza baiti 60 juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6, ndiyo maana MTU yake ya kawaida ni 1420. Laini ya PPPoE (ambayo ruta huingia kwa jina na nenosiri) hula 8 zaidi, ikibaki 1492. Ukitumia IPv6 shusha WireGuard iwe 1412. Mitandao ya simu wakati mwingine hubakisha chini ya hapo.

Pima VPN ikiwa imezimwa. Kwenye Windows: `ping -f -l 1472 1.1.1.1`, kwenye Linux: `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`. Ikikataa, shusha kwa 10 hadi ijibu, kisha ongeza 28 kwenye namba iliyokubali: hiyo ndiyo MTU ya laini. Ondoa 80, uandike kwenye WireGuard. Huna muda wa kupima? Andika 1280, utapoteza asilimia chache za kasi na ugonjwa utaisha.

Kila kitu ndani ya handaki, au sehemu tu

Hapa pana tofauti kubwa kuliko kati ya itifaki zote. Handaki la kila kitu hupeleka hata Google Meet yako kwanza kwenye seva ya kampuni, tuseme London. Wewe uko Kisumu, mwenzako yuko Nakuru, na sauti yenu inavuka bahari mara mbili. Handaki la sehemu hupeleka anwani za kampuni pekee, kwa mfano 10.0.0.0/8, na mengine yanatoka moja kwa moja. Kwenye WireGuard hilo ni mstari wa `AllowedIPs`: 0.0.0.0/0 ni kila kitu, 10.0.0.0/8 ni sehemu. Microsoft wenyewe hushauri sauti na picha za Teams, zinazotumia UDP 3478 hadi 3481, zitoke nje ya VPN.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. VPN ikiendeshwa kwenye kompyuta, ruta huona mkondo mmoja tu uliofungwa. CAKE haiwezi kutenganisha mkutano wako na OneDrive yako vilivyo ndani ya mkondo huo. Inaweza tu kuitendea haki kompyuta yako mbele ya runinga ya sebuleni. Mkutano ukitoka nje ya handaki, CAKE inaupa foleni yake.

Handaki la sehemu ni uamuzi wa mwajiri. Benki, hospitali na wanaoshughulikia data za wateja mara nyingi hulikataa, na kulifungua kwa siri kunaweza kukupotezea kazi. Omba kwa maandishi, ukiambatisha ping za kabla na baada.

Kazi kwa kazi

Mhudumu wa simu: faiba, UDP, mkutano nje ya handaki ikiruhusiwa, Mbps 10 zinamtosha. Mhasibu anayefungua mafaili kwenye hifadhi ya pamoja iliyo Marekani ana shida tofauti. Kufungua folda moja kunaweza kuhitaji safari 200 za kwenda na kurudi. Kwa milisekunde 230 kila moja, hizo ni sekunde 46, na hata Gbps 1 haitazipunguza. Huyu aombe kompyuta ya mbali (RDP, na UDP 3389 ifunguliwe) ili mafaili yasogee kule kule na yeye apate picha tu. Anayeandika programu kwenye seva ya mbali kwa SSH atumie mosh, inayoonyesha herufi papo hapo bila kusubiri seva. Mhariri wa video anayepakia GB 20 ndiye pekee kati ya hawa anayepaswa kulipia Mbps nyingi, na azitazame za kupakia.

Laini ya akiba na stima

Faiba mbili zinazopita nguzo zilezile hukatwa na lori lilelile. Akiba ya faiba iwe 4G au 5G, na akiba ya Starlink iwe laini ya simu. Kwenye OpenWrt, programu ya mwan3 inaweza kupangwa ipime njia kuu kila baada ya sekunde 5, na ikishindwa mara 3 mfululizo ihamie ya pili. WireGuard na IKEv2 huvuka mhamo huo zikiwa hai. OpenVPN ya TCP huanza upya.

Betri ya LiFePO4 ya V 12.8 na Ah 20 ina Wh 256. Kifaa cha faiba na ruta vinavyokula W 15 vitaishi zaidi ya saa 13 hata ukiondoa hasara. Starlink ya kawaida kwenye W 90 haifiki saa 3, na hapo Mini ina faida iliyo wazi. Kumbuka mnara nao una betri yake: stima ikipotea mtaa mzima kwa saa nyingi, 4G inaweza kuzimika kabla ya betri yako. Kwa wanaoishi kwenye radi za Kisii na Kakamega, kizuia mawimbi ya umeme kiwekwe kwenye soketi. Kioo cha faiba hakipitishi umeme, lakini adapta na kebo za shaba zinapitisha.

Ukihamia kwenye bando la akiba, iambie Windows kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kiasi, ili masasisho yasubiri, na uzime picha. Zamu ya saa 8 kwa sauti peke yake hula takriban GB 0.6; yenye picha ya 720p pande zote mbili hula zaidi ya GB 8.